Chumba cha Bure

Wenzangu wa meza ya kukandia, aliyeomba niandike haya ni meneja wetu Doreen, ili "knowledge ya Mzee isipotee", na nyinyi mkapiga makofi kwa sababu keki ilikuwa haijakatwa. Keki imeliwa, mimi nimestaafu, na ahadi ni deni. Mishahara na vyeo sitavitaja, maana ya kwanza ilikuwa midogo na vya pili sikupewa. Nitaeleza nilivyokanda watu waliochoka kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilivyokaribia kunyang'anywa chumba chetu kwa sababu ya swali ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliuliza kwa sauti: haya tunayowafanyia watu baada ya mazoezi, yanasaidia kweli?

Nilianza Ngara, orofa ya pili, juu ya duka la jumla la sufuria. Mwenye chumba alikuwa Mama Syombua, mama wa Kitui, mfupi, mwenye vidole vya kukamulia mablanketi. Wateja wetu walikuwa wavuta mikokoteni, mabondia wa mtaa na wachezaji wa timu ambazo hazikuwa na jezi za kutosha. Siku ya kwanza alinipa mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe na kunionyesha mgongo wa mvuta mkokoteni mmoja, jitu la watu, akaniambia nianze.

Mimi nilidhani mafuta mengi ni upendo mwingi. Nilichota kiganja kizima, nikampaka kuanzia shingo hadi kisigino, kisha nikasukuma kwa nguvu zangu zote za Bungoma. Mteja aliondoka mezani. Aliteleza mzima mzima akakwama kati ya meza na ukuta, uso ukiangalia sakafu, mikono ikiwa imebanwa. Nilidhani kazi imeisha.

Mama Syombua hata hakuinuka haraka. Aliinama akamwambia yule jamaa, "Ngoja hapo hapo baba, usisonge." Kisha akanigeukia. "Wafula, mafuta si supu. Kidogo tu. Sasa kuja hapa, huyu amekaa vizuri, hawezi toroka."

Nikafundishwa kazi juu ya mtu aliyekwama. Nilijifunza kukanda kuelekea moyoni, kuuliza kabla ya kukandamiza, na kusikiliza pumzi, kwa sababu mtu akiibana pumzi ujue umezidisha. Wiki iliyofuata yule mvuta mkokoteni alirudi akiomba "ile ya ukutani", na akaja na wenzake wawili wanaotaka hiyo hiyo. Tulilazimika kuwaeleza kwamba ilikuwa ofa ya siku moja.

Mama Syombua alikuwa na msimamo mmoja tu kuhusu kazi hii: usiahidi. "Kanda na unyamaze," alikuwa akisema. "Mdomo ndio unaleta shida." Mteja akiuliza kama kesho atakuwa mzima, yeye alijibu kwamba kesho itakuwa Jumatano.

Nilifikaje klabu hii yetu ya Spring Valley ni habari ndefu na ina barua za maombi ndani yake, kwa hivyo naruka. Ngara nilikanda watu waliochoka kwa kukosa budi. Klabuni nikakuta watu wanaolipa ada ili wachoke, kisha wanalipa tena ili uchovu uwatoke. Sikuwacheka. Misuli ya paja haijui kama imevuta mkokoteni au imeruka juu ya kisanduku mbele ya kioo, inauma vilevile, hasa siku ya pili, na hasa mtu akiteremka ngazi.

Kwa miaka mingi nilikuwa peke yangu na meza yangu ya mvule katika kile chumba chenye dirisha la bustani. Kisha mitindo ikaanza kuingia. Kwanza ilikuja barafu. Klabu ilikata tangi la maji la plastiki katikati na kuliweka nyuma ya jiko. Mashine yetu ya barafu ilitosha soda tu, kwa hivyo nyingine ililetwa kwa magunia kutoka kwa wauza samaki mjini. Walituapia kwamba barafu hiyo ilikuwa mpya. Pua zilisema vingine.

Aliyeipenda zaidi alikuwa Wakili Mutua, mwenyekiti wa Kamati ya Mazoezi, mtu mwema ambaye hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe. Alikuwa akiingia tangini saa saba mchana akiwa na shati na tai juu, kaptula chini, kompyuta ikiwa juu ya kiti mbele yake, akihudhuria mkutano wa mtandaoni. Wateja wake waliona wakili aliyevaa nadhifu. Walichosikia ni meno yakigongana katika kila kifungu cha mkataba.

"Mzee, hii kitu inafanya kazi," aliniambia siku moja nikimsaidia kutoka. "Sisikii miguu kabisa."

"Kutosikia miguu si kupona, wakili."

"Lakini si sisikii?"

Akaenda zake, na paka wa jirani wakamfuata hadi kwenye gari. Walikuwa watatu wiki ya kwanza. Kufikia mwisho wa mwezi wanachama wote wa barafu walikuwa na paka wao, na mama mmoja aliandika kwenye kitabu cha malalamiko kwamba paka wake hachangamki kama wa wenzake.

Baada ya barafu zikaja buti. Ni buti ndefu za kitambaa zinazofika hadi kwenye paja, zinajazwa hewa na mashine, zinabana mguu na kuachilia, zinabana na kuachilia. Watu walilala ndani yake kama watoto. Siku moja stima ikapotea wakati zimebana. Hewa ikabaki ndani, zipu zikakataa, na wanachama watatu wakaja mapokezi wakirukaruka kwa mstari mmoja, wameshikana mabega, kumwuliza Doreen stima inarudi saa ngapi. Doreen alikuwa na mwezi mmoja tu kazini. Aliwapa maji ya kunywa, nadhani kwa kukosa kitu kingine cha kutoa.

Hata hivyo buti zilipendwa, na zilihitaji nafasi. Doreen alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni akihesabu ukutani.

"Mzee, hii room iko na socket nne. Wewe unatumia ngapi?"

"Hakuna. Natumia mikono."

"Exactly," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayejisikia vibaya.

Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Katika umri huo hakuna anayekuajiri, na kustaafu bado. Niliogopa, na siwafichi. Niliomba nisikizwe na kamati, na kila mwamba ngoma huvutia kwake: watu wa barafu walitetea barafu, wa buti wakatetea buti, nami nikatetea mikono. Ndipo Wakili Mutua alipotoa uamuzi wa kisheria. Tufanye jaribio. Njia itakayoshinda ibaki na chumba kile, nyingine ziende stoo. Matokeo yataandikwa na mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko unaosomeka.

Mkutano wa jaribio ulifunguliwa kwa maombi, na aliyeomba aliombea barafu. Walijitokeza watu kumi na wawili. Wote wangekimbia siku moja, kutoka klabuni hadi Kinoo na kurudi, na tukawagawanya hapo hapo mkutanoni kwa kura, watatu watatu: barafu, buti, mikono, na kundi la nne ambalo mimi mwenyewe nilisisitiza liwepo, la watu wasiofanyiwa kitu. Bila hilo tungejuaje kama mtu amesaidiwa au amepona tu? Kwenye karatasi zao za kura niliandika "Bure".

Wakili Mutua alifungua karatasi yake akaisoma mara mbili.

"Bure? Mimi? Chairman?"

"Ni kura, wakili."

"Na hii Bure iko na nini ndani?"

"Hakuna. Unakunywa maji, unakula, unaenda nyumbani, unalala."

"Hiyo hata watchman anaweza fanya!"

Alikata rufaa papo hapo, na kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti, rufaa ililetwa kwake. Alijisikiliza kwa makini. Baada ya dakika ishirini tukakubaliana kwamba kundi hilo liitwe Bure Maalum na lipewe taulo nyeupe. Taulo hizo hazikuwa za kufanyia chochote. Walizibeba tu.

Jumamosi wakakimbia. Alama ya kugeuka ilikuwa lango la nyumba yangu Kinoo, na mke wangu Nasimiyu alikaa pale na kalamu akiweka tiki kwa kila aliyegusa lango. Alinipigia simu katikati ya shughuli.

"Baba Simiyu, hawa watu wanakimbizwa na nani?"

"Na kamati."

"Sasa huyu mmoja anauliza kama kuna uji."

"Ana taulo nyeupe?"

"Ndiyo."

"Mpe. Huyo ni Bure."

Jumapili asubuhi walikuja kupimwa kabla ya ibada. Kipimo kilikuwa ngazi za kwenda maegesho. Mtu anateremka, ananiambia maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, naandika. Hebu waoneni watu kumi na wawili wa heshima, wamevaa vya kanisani, wanateremka ngazi kinyumenyume, mmoja ameshika reli kwa mkono na Biblia kwa kwapa, wanaimba nambari. Jumatatu ilikuwa mbaya zaidi, kama ilivyo desturi ya siku ya pili. Jumanne karibu kila mtu aliteremka akiangalia mbele.

Nilijumlisha, nikajumlisha tena. Watu wa barafu na watu wangu wa mikono walikuwa na nafuu kidogo hiyo Jumatatu, kidogo sana, kiasi cha kubishaniwa. Kufikia Jumanne makundi yote yalikuwa sawa. Bure walikuwa sawa na wengine, taulo na yote. Aliyeumia kuliko wote alikuwa mtu wa buti aliyelala saa nne tu kwa usiku mzima kwa sababu ya kazi za ofisi, na aliyepona upesi kuliko wote alikuwa Wakili Mutua, ambaye kwa hasira ya kunyimwa huduma alikuwa ameenda nyumbani, akala ugali mkubwa na kulala mchana kutwa.

Doreen alinikuta na daftari. Alikuwa ameshanizoea na hakutaka niende.

"Mzee," akasema polepole, "hiyo kalamu si ni yako?"

Akaondoka. Nilielewa. Na sasa niwaambie jambo ambalo sijawaambia: nilijaribu kuzigeuza nambari. Nilichukua gazeti nifanye mazoezi pembeni. Watu wangu walikuwa na sita, sita na tano, kwa wino. Nilitaka tatu. Lakini sita ukiichezea haiwi tatu. Inakuwa nane. Tano nayo inakuwa sita. Kila nilipogusa, wateja wangu waliumia zaidi. Nilipoona nimeketi pale, mtu mzima, nimejaza kurasa za michezo kwa nambari za uongo, nilishikwa na aibu, nikafunga daftari. Kusema kweli, sijui ningefanya nini kama ningekuwa nimetumia penseli.

Kamatini nikasoma yote kama yalivyo.

"So ni nini imekuwa working wakati huu wote?" Wakili Mutua akauliza.

"Usingizi, wakili. Na chakula. Na kungoja."

"Kungoja?" mama mmoja akashtuka, kana kwamba nimetaja ugonjwa wa kuambukiza.

Kisha wakili akaniuliza, si kwa ubaya, alitaka tu kujua: "Na wewe Mzee, hii miaka yote umekuwa ukitufanyia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la chumba. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilisema sijui, na huo ndio ulikuwa ukweli. Nilifikiria migongo yote ya Ngara na mapaja yote ya Spring Valley, nikajiuliza kama kuna hata mmoja niliyemsaidia, au wote walikuwa wanapona tu huku mimi niko karibu. Iliniuma kuliko hofu ya kufukuzwa.

Wakili hakuona uso wangu kwa sababu alikuwa ametambua kwamba yeye ndiye bingwa. "Bure imeshinda!" akatangaza. Na kwa kuwa sheria ni sheria, chumba kikapewa Bure. Buti zikaenda stoo, tangi likapandwa sukuma wiki, na meza yangu ya mvule ikawekwa kando ya mashine ya kukata nyasi. Chumbani wakatandika magodoro sita, wakaweka mapazia mazito na kibao mlangoni: CHUMBA CHA BURE, KWA WANACHAMA PEKEE. Mimi nikabakizwa kama msimamizi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna kinachofanyika.

Nimefanya kazi ngumu maishani lakini hakuna iliyonishinda kama hiyo. Watu wale hawakuweza. Wakili Mutua alilala dakika nne, akakumbuka mteja, akatoka. Akarudi, akalala dakika mbili, akakumbuka mwingine. Bwana mmoja alilala chali akipunga mkono mmoja hewani, juu na chini, ili saa yake ihesabu hatua. Wamama watatu walianzisha chama kwa kunong'ona, na kufikia Ijumaa walikuwa na mweka hazina. Nilizima simu, nikafunga mapazia, nikaomba kwa upole, nikaomba kwa ukali. Kulala saa nane mchana bila sababu kuliwatia hofu, kana kwamba mtu angewapita wakiwa wamefumba macho.

Siku moja wakili alipoinuka mara ya tano hasira ilinipanda.

"Wakili, lala."

"Dakika moja tu, Mzee, kuna client..."

Nilimdaka mguu. Sikumkanda, nilimkamata shavu la mguu kama unavyokamata mbuzi anayetaka kuruka ua, nikashikilia. Alinitazama. Nami nikamtazama. Vidole vyangu, kwa mazoea tu, vikaanza kusonga kuelekea juu. Alisema, "Lakini client..." na hakumaliza. Alikuwa anakoroma.

Wale wamama wa chama waligeuza shingo kutazama. Kisha yule bwana wa saa akashusha mkono wake. "Mzee," akasema, "na mimi nishike."

Kumbukumbu za kamati za wiki hiyo zinasema, na mnaweza kuzisoma kwa Doreen: "Ilikubaliwa kwamba Mzee Wafula awashike wanachama ili wasitoroke." Meza yangu ikarudishwa ikiwa na nyasi miguuni. Kibao hakikuondolewa, na ndiyo maana hadi leo nyinyi mnafanya kazi katika chumba kinachosema bure na mnaulizwa kila siku kama kweli ni bure. Kwa miaka mitatu ya mwisho sikuwa mkandaji, kwa mujibu wa karatasi. Nilikuwa kamba ya kufungia watu mahali pamoja. Nilicheka pamoja na wengine, lakini lile swali la wakili lilibaki nami, nikitembea nalo.

Basi nyinyi mnaobaki, pasheni mikono joto kabla ya kumgusa mtu. Mafuta kidogo. Akija mtu na mguu mmoja uliovimba na moto, au aseme mkojo umekuwa mweusi baada ya mazoezi makali, msimguse, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Anayetaka barafu akae kwenye barafu nyumbani kwake, haitamuua akikaa muda mfupi, na anayetaka buti mtoleeni stoo, ila mwangalie kwanza kama mawingu yamekusanyika, stima isije ikapotea. Msiwaambie kwamba hizo ndizo zinazoponya. Mwulizeni alilala saa ngapi, na mtaona anavyoangalia pembeni.

Sasa niko Kinoo. Wiki ya kwanza ya kustaafu niliamua kulala mchana, mimi niliyewahubiria wengine. Nilijinyoosha kwenye kochi. Nikakumbuka bomba linavuja, nikainuka. Nikalala, nikasikia lango, nikainuka. Kuku akalia, nikaenda kumwona kuku. Nasimiyu alikuwa ameketi na sinia la maharagwe akianza kuchambua, na mara ya nne alinisemesha.

"Wewe baba, lala chini. Umeanza kunizungusha kichwa."

"Nalala. Ni hilo bomba tu."

Alisogea mwisho wa kochi, akavuta mguu wangu akauweka mapajani mwake. Alikosea kila kitu. Mikono baridi, mafuta hakuna, anakanda kuelekea vidoleni badala ya moyoni, na dole gumba limekaa pale juu ya mfupa ambapo nimewakataza nyinyi mara mia. Nikawaza kwamba kwa miaka thelathini na zaidi nilikuwa sijawahi kushikwa mguu na mtu. Nikafungua mdomo nimsahihishe.

Nilipoamka jua lilikuwa limevuka chumba na kufika ukuta wa pili. Nasimiyu alikuwa pale pale. Sinia lilikuwa sakafuni na maharagwe yalikuwa bado na mawe yake, hayajaguswa, kwa kuwa alikuwa ametumia mikono yote miwili.